Sukari Iliyokosekana

Damu ya Pipeti ilikuwa imeshamhukumu kabla hakimu hajapewa faili. Ndivyo alivyosema Dokta Tai, na alisema kwa sauti ya mtu aliyekuja kuhani msiba.

"Sikuandika kwa chuki, afande," alisema, akiisukuma ripoti juu ya meza. "Yule dada nimefanya naye kazi miaka. Lakini damu haina urafiki."

Inspekta hakuigusa ripoti. Alimtazama tu. Kituoni walimbandika jina la Inspekta Pole, kwa sababu kila alipotaka kumbana mtu alianza na neno hilo, na waliomjua wakilisikia huanza kutafuta mlango ulipo. Leo alikuwa bado hajalitamka.

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Mlinzi wa geti la taasisi, mzee mwenye masikio mazito na salamu ndefu, alikufa kwa korona. Ungekuwa msiba kama misiba mingine, ila kirusi kilichokutwa mapafuni mwake hakikuwa cha mitaani. Kilikuwa cha kizazi cha mwanzo kabisa, ambacho mitaani kilishatoweka, na katika mji mzima kilikuwa kimehifadhiwa ndani ya chumba kimoja tu: maabara iliyo nyuma ya milango miwili isiyokubali kufunguka pamoja. Mzee hakuwa na kadi ya milango ile. Aliyekitoa kirusi nje alikuwa mtu wa ndani. Na kadi iliyofungua mlango Ijumaa jioni, watu wakiwa wamekwisha kuondoka, ilikuwa ya fundi wa maabara aliyeitwa Pipeti. Marehemu alikuwa mjomba wake, tumbo moja na mama yake. Mkuu wa kituo alitaka mashtaka yafunguliwe leo, kabla ofisi hazijafungwa.

"Nieleze damu yake inasema nini," Inspekta alisema. "Nieleze kama unavyomweleza mama yako."

"Mama yangu ni mwalimu wa kemia."

"Basi kama unavyomweleza Koplo."

Koplo, aliyekuwa amesimama mlangoni, alikohoa kidogo na kujifanya anatazama dari.

Dokta Tai alinyoosha tai yake. Hakuna aliyewahi kumwona bila tai, hata umeme ulipokatika na feni kusimama. "Binadamu ana kinga mbili. Ya kwanza anazaliwa nayo, haisubiri chanjo wala uzoefu. Seli ikivamiwa, hupiga king'ora. Sisi tunakiita interferoni. Majirani wakikisikia hufunga milango. Sasa kirusi hiki ni mjanja: kikiingia, kitu cha kwanza ni kukiziba mdomo king'ora."

"Cha pili?"

"Kinateka jiko. Seli yenye afya huchoma chakula chake taratibu, kwa hewa ya oksijeni. Kirusi kinataka vifaa vya kujijengea, tena haraka. Basi seli inaanza kubugia sukari kwa pupa na kutoa asidi ya laktiki. Na asidi hiyo nayo inazidi kukinyamazisha king'ora. Ndiyo utafiti wangu wote, afande: sukari na king'ora." Alifunua ukurasa. "Jumatano, siku chache baada ya Ijumaa ile, wafanyakazi wote walitolewa damu na kupimwa pua, kama kila wiki. Tazama ya Pipeti. Asidi iko juu mno. King'ora kimya. Kirusi kilikuwa ndani yake, kimya kimya, naye akampelekea mjomba."

"Na pua?"

"Pua ilikuwa safi. Pua hudanganya."

"Za wengine?"

"Wote safi puani. Hawakuwa na sababu ya kuchunguzwa zaidi."

Inspekta aliitwaa ripoti sasa, akaikunja kama gazeti. Alikuwa ameshafika mlangoni aliposimama. "Wewe mwenyewe, Dokta, mwezi huu hujapata hata mafua? Nauliza kwa sababu nimekaa nawe karibu."

Dokta Tai alicheka. "Hata chafya, afande. Nyumbani niko peke yangu kama mtawa. Watoto wako bweni, mke wangu kasafiri."

"Na Ijumaa ile?"

"Niliondoka mchana, kama wote."

Alijibu upesi. Inspekta alilipokea jibu lile kama mtu anayepokea chenji gizani.

* * *

Pipeti alikuwa amewekwa kwenye stoo, katikati ya maboksi ya glovu. Alisimama mara tu mlango ulipofunguliwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Pole na..."

"Usinipe pole!" Pipeti alirudi nyuma. "Koplo kaniambia ukitoa pole kuna mtu anafungwa."

Inspekta alimgeukia Koplo, na Koplo akakumbuka kwamba ana kazi koridoni.

"Kaa, mwanangu. Ijumaa uliondoka saa ngapi?"

"Mapema. Mchana. Koti nililiacha kwenye msumari, na kadi mfukoni mwa koti. Sote tunaacha hivyo. Ukiingia kule ndani huruhusiwi kubeba kitu, basi kadi zinalala kwenye makoti, na anayesahau yake anachukua ya mwenzake."

"Nani anajua desturi hiyo?"

"Labda muulize nani haijui."

"Na Jumatano? Damu alikutoa nani?"

"Nilijitoa mwenyewe. Mimi ndiye ninayewatoa wote. Mimi nani anitoe?"

"Kisha?"

Majibu yote ya kwanza yalikuwa yametoka kama maji ya bomba. Hili lilikwama. Pipeti alianza kubandua gundi ya boksi kwa ukucha.

"Kisha nikaiweka."

"Wapi?"

"Mahali pake."

Inspekta hakumwamini. Alikuwa ameona wezi wengi, na wengi wao walikuwa na macho makavu kuliko haya. Lakini anayeficha anaficha, awe mwema au mbaya, na huyu alikuwa anaficha. Alibadilisha njia.

"Mama yako anasemaje?"

"Hapokei simu yangu. Siku ya mazishi aliniambia nisimame upande wa majirani." Pipeti aliuacha ukucha utulie. "Yule ndiye aliyenilea, mama. Ada ya shule alilipa yeye, kazi hii kanitafutia yeye, kwa kumsumbua kila bosi aliyepita getini. Kama ni mimi niliyembebea kile kitu kwenye nguo zangu, nifungeni. Sitaki wakili. Ila mniambie kweli, kwa sababu hata mimi sijui."

* * *

Mtaalamu wa damu wa hospitali kuu alikuwa mwanamke mnene, msomi wa kupindukia, aliyekwisha kuzika madaktari wenzake wawili walioahidi kumzika yeye. Wote walimwita Bibi Damu. Aliisoma ripoti ya Dokta Tai mwanzo hadi mwisho, miwani ikiwa kwenye ncha ya pua.

"Sawasawa kabisa," alisema.

Koplo alishusha mabega. "Yote?"

"King'ora, jiko, asidi. Hata mimi nafundisha hivyo hivyo. Kijana anaijua kazi yake."

Inspekta alikuwa dirishani. Kuna kitu kilikuwa kinamkera tangu garini, kidogo kama mchanga ndani ya kiatu. "Bibi, ameandika kurasa nzima kuhusu sukari."

"Ndiyo."

"Sukari ya Pipeti ilikuwa kiasi gani?"

Bibi Damu alifunua ukurasa. Akafunua mwingine. Akarudi wa kwanza, akavua miwani na kuifuta kwa pindo la koti lake jeupe. "Hakuna."

"Mashine yao haipimi?"

"Mashine ile ukiitilia damu inakupa asidi na sukari kwa pamoja, upende usipende. Namba moja imeandikwa, nyingine imeachwa."

"Mtaalamu wa sukari," Inspekta alisema taratibu, "kasahau sukari."

Walikuwa wamekuja na chupa ya Pipeti yenyewe kwenye kiboksi cha barafu, mabaki yaliyobaki baada ya kipimo cha kwanza. Bibi Damu alichukua tone. Mashine ilinguruma, ikafikiri, ikatoa ulimi wa karatasi. Bibi Damu aliuchana, akausoma, na nyusi zikampanda.

"Asidi iko juu kama alivyosema. Sukari karibu hakuna kabisa."

"Mtu mwenye damu ya namna hii anaonekanaje?"

"Haonekani, amelala sakafuni. Anatetemeka, jasho linamtoka, jina lake halijui."

"Anaweza kushika sindano akajitoa damu mwenyewe?"

"Kijiko tu hakishiki."

Koplo alitoa daftari, akaandika.

"Nina swali la kipumbavu," Inspekta alisema. "Seli za damu zikiwa ndani ya chupa, zinajua kwamba zimeshatoka mwilini?"

Bibi Damu alimtazama, kisha akaanza kucheka, kicheko cha tumbo kilichotikisa meza na kila kilichokuwa juu yake. "Hazijui! Wapi! Zinaendelea kula kama ziko kwao. Zinakula sukari yote iliyomo mpaka iishe, na kinachobaki ni asidi ile ile. Ndiyo maana tunaizungusha damu mapema kwenye mashine, tuzitenge na maji yake. Ama tunaiweka kwenye chupa yenye kifuniko cha kijivu, ina dawa ya kuzizuia kula." Aliinua chupa ya Pipeti kwenye mwanga. "Hii kifuniko chekundu. Haina dawa."

"Kwa hiyo hii damu iliachwa mezani."

"Iliachwa? Ililala pale na kuamka."

"Na king'ora kuwa kimya?"

"Mbona rahisi. Hakuna mwizi aliyeingia."

Inspekta alitoa simu na kumpigia askari aliyekuwa mlangoni pa stoo, akaomba apewe Pipeti.

"Pole, mwanangu," alisema. Upande wa pili mtu alivuta pumzi kwa nguvu. "Hii si ile pole. Damu yako Jumatano uliiacha mezani. Kwa nini?"

Kisha sauti ndogo: "Mama alinipigia. Mjomba alikuwa hawezi kuvuta hewa. Za wenzangu nilikuwa nimeshazizungusha, ilibaki yangu peke yake. Nikavua glovu nikakimbia. Kesho yake asubuhi nikaizungusha, nikaigandisha, nikanyamaza. Kwetu ukiacha sampuli mezani unafukuzwa, mama, hakuna maelezo."

"Ulikuwa radhi ufungwe kwa kifo cha mtu ili usifukuzwe kazi?"

"Sikujua kama hiyo ndiyo inayonifunga! Dokta alisema asidi ni ya kirusi. Nani abishane na Dokta?"

Inspekta aliikata simu. Koplo alikuwa ameshavaa kofia.

"Nikamlete, afande?"

"Nani?"

"Tai."

"Kwa kosa gani? Kusahau sukari? Atasema ni haraka, ataomba radhi, na jioni atakuwa kwake anakunywa chai. Nenda kwa mlinzi wa friza ya taasisi, umwoneshe kibali, uniletee damu zote za Jumatano ile. Kila chupa. Hakuna aliyechunguzwa king'ora isipokuwa Pipeti. Nataka kujua ni nani mwingine aliyenyamaza, na ni nani aliyepiga kelele."

* * *

Chupa zilipofika, Bibi Damu alizipanga bila kusoma majina. Moja baada ya nyingine zilijibu jambo moja: kimya. Kisha moja ikatoa namba iliyomfanya arudie kipimo, na ilipojirudia akaiweka pembeni, peke yake, kama mtoto aliyechokoza wenzake.

"Huyu," alisema. "King'ora kinalia mpaka barabarani."

"Lakini pua zao zote zilikuwa safi," Koplo alisema.

"Na ya huyu itakuwa safi. Sikiliza, mwanangu. Kirusi kinashinda kikiwahi kukiziba mdomo king'ora. Kwa wazee mara nyingi kinawahi, kwa sababu king'ora chao kimechoka, kinachelewa. Lakini kuna miili mwizi akigusa tu kitasa, kelele zimeshapigwa na mtaa mzima umefunga milango. Kirusi kinakosa pa kuzalia. Pua inabaki safi, mtu hapigi hata chafya. Baada ya siku chache king'ora kinazima na hakuna ushahidi tena. Huyu alikutana na kirusi muda mfupi kabla ya Jumatano ile."

"Kirusi kipi?" Inspekta aliuliza.

"King'ora hakitaji jina la mwizi. Yaweza kuwa mafua ya kawaida. Lakini kinga ya pili, ile yenye kumbukumbu, inataja. Chanjo tulizochanjwa zilitufundisha kutambua kipande kimoja tu cha kirusi, ile miiba ya nje. Aliyepambana na kirusi chenyewe mara nyingi anakuwa na askari wa kutambua vipande vya ndani pia, yaani kingamwili. Kwenye chupa hii ya Jumatano nitaangalia kama walikuwepo. Niletee damu yake ya leo. Kama siku ile hawakuwepo na leo wapo, basi."

Koplo aliigeuza chupa upande wa lebo. Alisoma jina, akasonya.

* * *

Dokta Tai alikuwa anakusanya makaratasi yake. Alipomwona Inspekta alitabasamu, na alipomwona Koplo akiufunga mlango kwa ndani, tabasamu lilibaki usoni lakini halikuwa na kazi tena.

"Mmemchukua?"

"Pole, Dokta," Inspekta alisema, akavuta kiti. "Sukari ya Pipeti ilikuwa ngapi?"

"Sikumbuki. Haikuwa na maana."

"Ilikuwa karibu na hakuna. Uliiona. Ukajua damu ililala mezani, ukaifuta namba moja na kuibakiza nyingine. Asiyejua angesahau. Wewe hukusahau."

"Hayo ni makosa ya uandishi."

"Tuseme ni makosa. Sasa ya kwako." Aliweka karatasi ya mashine mezani, akaizungusha kwa kidole mpaka ikamwelekea yule mwenye kuisoma. "Hii ni damu yako ya Jumatano."

Dokta Tai alisoma. Hakuhitaji kuelezwa, na hilo ndilo lililomponza: mtu asiyejua angeuliza maana yake. Yeye hakuuliza.

"Mafua," alisema hatimaye. "Nadhani nilikuwa na mafua."

"Asubuhi ulisema hukupiga hata chafya."

"Mtoto wangu basi, aliniambukiza..."

"Walioko bweni?" Koplo alidakia.

"Kuna watu njiani, madukani! King'ora hakithibitishi kirusi gani."

"Kweli. Bibi Damu kasema hivyo hivyo, tena kwa maneno yako. Kwa hiyo twende kwake utoe damu ya leo, atafute askari wa vipande vya ndani. Wasipokuwepo, mimi mwenyewe nitakuomba radhi mbele ya wafanyakazi wote, na Koplo atapiga magoti."

"Mimi?" Koplo alisema.

"Atapiga. Twende, Dokta."

Hakuinuka. Mkono ulipanda shingoni, ukaifungua tai, ukaivuta mpaka ikatoka. Bila tai alionekana kama mtu mwingine, mdogo zaidi.

"Haturuhusiwi kuingia mle peke yetu," alisema. "Lakini wiki iliyofuata nilikuwa natoa mada. Dawa yangu inazuia seli kubugia sukari, na king'ora kinarudi. Nilihitaji kurudia jaribio mara moja tu. Kwa kadi yangu ningeandikwa nimeingia, nikachukua ya Pipeti kwenye koti. Wakati wa kutoka chupa ikaniponyoka, kwenye kile chumba kidogo kati ya milango miwili. Ikapasuka."

"Kuna kengele ya hatari pale."

"Ukiibonyeza, maabara inafungwa miezi."

"Ukamwita mzee."

"Nilimwomba alete ndoo, matambara na dawa ya kufulia, apanguse. Nilikuwa nimevaa kila kitu, afande, nguo, miwani, barakoa. Alikuwa koridoni kwenye doria, nilimwita kupitia mlango hakusikia. Masikio yake. Nikamfungulia, nikaivua barakoa ili anisikie."

"Na yeye alivaa nini?"

Dokta Tai aliangalia tai iliyokuwa mkononi mwake. "Sare yake."

"Ulimwambia ni nini kilichomwagika?"

"Nilimwambia ni maji ya sukari."

Koplo alisema neno ambalo halitaandikwa kwenye maelezo ya mtuhumiwa.

"Alipoanza kukohoa, ulijua," Inspekta alisema.

"Nilitarajia atapona. Mimi sikuugua."

"Mwili wako ulipiga kelele ukapona. Mdomo wako ungepiga kelele hata mara moja, siku ile ile, angewahishwa hospitali angali anatembea. Badala yake ukaandika ripoti dhidi ya mtoto aliyelelewa na mzee yule." Inspekta alisimama. "Damu ya leo tutaichukua vilevile. Koplo, mtoe. Pingu zifungwe mbele, asije akaanguka ngazini tukaambiwa tumempiga."

* * *

Pipeti aliitwa nje ya stoo. Alitoka na mkono mmoja umeshika mwingine, kama mtu aliyekwisha kujizoesha pingu. Inspekta alimweleza yote wakiwa wamesimama koridoni, bila kuzunguka: nani aliingia, kwa kadi ya nani, nani aliitwa kupangusa, na aliambiwa ni nini. Alimweleza pia damu iliyolala mezani ilivyokula sukari yake.

"Kwa hiyo si mimi," Pipeti alisema.

"Si wewe. Hukumbebea kitu."

Hakulia. Alitikisa kichwa mara nyingi, kisha akatoa simu yake, akatafuta jina, akamnyooshea Inspekta.

"Mwambie yeye. Mimi hataniamini. Na akiona ni namba yangu hapokei."

Inspekta alipiga kwa simu ya kazi, akaweka sauti ya nje. Iliita mpaka ikakaribia kukatika.

"Nani?"

"Shikamoo, dada. Mimi ni polisi, ninayepeleleza kifo cha kaka yako. Nimempata aliyehusika. Ni daktari wa maabara, amekiri. Binti yako hana hatia hata kidogo. Siku kaka yako alipozidiwa, aliacha kazi yake yote mezani akakimbilia kwake, na hilo ndilo lililotaka kumfunga."

Upande wa pili palikuwa na kelele za sufuria, kisha pakawa hakuna kitu. Pipeti aliinama kuielekea simu, mkono mdomoni.

"Yuko hapo?" mama aliuliza.

"Yuko."

Sufuria ilisikika ikifunikwa.

"Amekula?"